Neno la Mwisho la Ignosi: "Mashimo ya Mfalme Sulemani" katika Kitabu na katika Sinema

Miongoni mwa vitabu vya tafsiri vilivyosomwa na wanafunzi wa Afrika ya Mashariki kabla ya uhuru, ni vichache vilivyopendwa kama Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hadithi yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard, ikatoka London mwaka wa 1885 kwa jina la King Solomon's Mines. Kiswahili chake ni kazi ya Frederick Johnson, nacho kilichapishwa mwaka wa 1929. Tangu hapo hadithi hiyo imefanywa sinema si mara moja. Ukiacha sinema bubu iliyotengenezwa Afrika ya Kusini mwaka wa 1918, zilizojulikana zaidi ni tatu: ya mwaka wa 1937, ya mwaka wa 1950, na ya mwaka wa 1985. Vijana wengi wa siku hizi huipata hadithi kwa picha kwanza, na wengine hawafiki kitabuni kamwe. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza picha hizo zimechukua nini katika kitabu, na zimeacha nini.

Watu wengi hupima sinema ya namna hii kwa kuhesabu matukio: hili limo, lile halimo, hili limeongezwa. Kipimo hicho ni hafifu. Kitabu cha kurasa mia tatu hakiwezi kuingia chote katika picha ya saa mbili, na mwenye kutengeneza picha ana haki ya kuchagua. Kipimo kilicho bora ni kutafuta kwanza nguzo iliyosimamisha hadithi, kisha kutazama kama nguzo hiyo imebaki mahali pake. Ikibaki, hata matukio kumi yakiachwa nyumba haianguki. Ikiondolewa, matukio yote yaliyobaki ni mapambo ya ukuta usio na msingi.

Haggard alikuwa amefanya kazi ya serikali huko Natal na Transvaal, naye aliandika hadithi yake kwa haraka baada ya kuwekeana dau na ndugu yake kwamba hataweza kutunga kitu cha kulingana na Treasure Island ya Stevenson. Alikitabarukia kitabu hicho wavulana wote watakaokisoma, wakubwa kwa wadogo. Kwa nia yake, basi, ni kitabu cha watoto. Lakini watoto si wasomaji wa kudharauliwa. Mtoto husahau majina na miaka, ila hasahau nani alidhulumiwa na nani alirudishiwa haki yake.

Johnson naye si mgeni kwa wasomaji wa jarida la namna hii. Ndiye aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1930, na kamusi sanifu iliyotoka mwaka wa 1939, baada ya kufa kwake, ni matunda ya kazi yake. Yafaa kulitazama neno la kwanza kabisa la tafsiri yake. Kiingereza kinataja mahali pa kuchimbia madini. Mfasiri angeweza kusema machimbo, neno linaloonyesha kazi ya mchimbaji, lakini alisema mashimo. Shimo ni mahali pa kuchimbia, ni mahali pa kuficha mali, ni mtego wa mnyama, na aghalabu ni kaburi. Kila anayeijua hadithi anakumbuka kuwa wasafiri watatu wanafungiwa chini ya ardhi pamoja na almasi ambazo haziwezi kuwanunulia hata kikombe cha maji. Kwa kukusudia au kwa bahati, jina la Kiswahili limekwisha kuonya kabla ya ukurasa wa kwanza kufunuliwa.

Sasa nguzo ya hadithi ni ipi? Wengi watajibu ni hazina. Lakini ukiisoma kwa uangalifu utaona kwamba Sir Henry Curtis hakutoka kwao kwa ajili ya almasi. Anamtafuta ndugu yake mdogo, George, ambaye waligombana wakati wa kufa kwa baba yao. Mdogo hakupata urithi, na mkubwa, kwa hasira, hakumpa kitu. Majuto ya ndugu mkubwa ndiyo yanayoisukuma safari kupita jangwa na theluji. Na huko wanakokwenda, katika nchi ya Wakukuana, kuna ndugu wengine wawili. Twala na Imotu walikuwa mapacha. Twala akamwua Imotu, akatwaa kiti, na mke wa Imotu akakimbia na mtoto wake mdogo. Mtoto huyo ndiye Ignosi, aliyejiita Umbopa na kuajiriwa na wageni wasiojua kuwa wanarudi na mfalme katika nchi yake.

Hivyo hadithi ina jozi mbili za ndugu. Ndugu mmoja alimkosea ndugu yake, akavuka dunia ili amwombe radhi. Ndugu mwingine alimkosea ndugu yake kwa kumwua, naye alilipwa. Jozi moja ni ya Waingereza na nyingine ni ya Waafrika, na mtunzi amezipanga zitazamane kama vioo viwili. Kiingereza chahitaji maneno mengi kuufunga mpango huo, lakini Kiswahili kina neno moja, ndugu, ambalo laeleza aliyezaliwa nawe, mtu wa ukoo wako, na hata mwenzako katika shida. Msomaji wa Kiswahili anakutana na neno hilo kwa Curtis, anakutana nalo kwa Twala, na jozi zote mbili zinafungwa kwa kamba moja.

Katika kilele cha mpango huu hamna hazina; yamo maneno ya Ignosi. Wageni wanapoaga, mfalme mpya anahuzunika, kisha anatoa sheria. Hatamruhusu Mzungu mwingine kuingia katika nchi yake, akitaka ardhi au akitafuta mawe yang'aayo. Hataki wafanya biashara wenye bunduki na pombe kali, wala wahubiri wa kuwatia watu wake hofu ya mauti na kuwatengenezea wengine njia. Akija mmoja atarudishwa, wakija wengi watapigwa vita. Ni wale watatu tu watakaopokewa siku zote, kwa kuwa wamekwisha kuwa ndugu. Sheria hiyo yatokana na yaliyotangulia. Mtu ambaye baba yake aliuawa na ndugu kwa tamaa ya kiti anajua tamaa inavyoingia nyumbani, na anajua nani wa kufunguliwa mlango.

Msomaji wa Kiboriloni, mashariki ya mji wa Moshi, hawezi kuyasoma maneno hayo kama msomaji wa London. Kutoka Kiboriloni njia hupanda kwenda Moshi ya Kale, palipokuwa na makao ya Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Joseph Thomson alifika kwake mwaka wa 1883, na H. H. Johnston mwaka wa 1884. Mwaka wa 1885, ndio mwaka uleule kitabu cha Haggard kilipotoka, Jenerali Mathews alifika Kilimanjaro kutafuta utii wa wakuu wa huko kwa Sultani wa Unguja, na baada yake Karl Jühlke akaja kuandikiana mikataba kwa niaba ya Wajerumani. Kwa hiyo mwaka ambao mfalme wa kubuniwa aliufunga mlima wake kwa neno moja, mfalme wa kweli chini ya mlima wa kweli alikuwa akiletewa karatasi. Mwanawe, Mangi Meli, aliwapiga Wajerumani mwaka wa 1892, akashindwa mwaka wa 1893, na mwaka wa 1900 akanyongwa papo hapo Moshi ya Kale. Yasemwa kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Mbele ya habari hizo sheria ya Ignosi si urembo wa mwisho wa hadithi ya watoto. Ni jambo ambalo lingeweza kusemwa hapa, na lilipigwa vita hapa.

Baada ya kuijua nguzo, sinema zinaweza kupimwa. Ya mwaka wa 1937 iliongozwa na Robert Stevenson huko Uingereza. Umbopa wake ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito iliyojulikana dunia nzima. Wana lugha yafaa wakumbuke kuwa Robeson, katika miaka ya 1933 na 1934, alijifunza isimu na lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha London, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Yamkini hapakuwa na mwigizaji wa siku zile aliyejitayarisha kuliko yeye kusema maneno ya mfalme wa Kiafrika. Walakini alichopewa zaidi ni nyimbo. Anaimba akiwa safarini, anaimba akiwa mfalme. Sauti yake ni nzuri mno, na kwa ajili yake sinema hiyo ingali ikitazamwa. Lakini mtu anayeimba huwafurahisha wasikilizaji wake, na mtu anayetoa sheria huwadai jibu. Na ndugu wa Curtis hayumo katika safari hii, kwa kuwa anayetafutwa ni baba wa msichana wa Kiayalandi aliyetungwa kwa ajili ya sinema.

Ya mwaka wa 1950 iliongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, nayo ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Ilipata tuzo za Oscar kwa upigaji picha na kwa uunganishaji wake, na haki ilitendeka. Wanyama, maporomoko ya maji, nyanda na watu vinaonekana kwa ukubwa ambao kalamu ya Haggard haikuuweza. Muziki wake hauna vinanda vya Kizungu, bali ngoma na uimbaji wa Kiafrika. Umbopa ni Mnyarwanda mrefu aitwaye Siriaque, na jambo moja lapasa kusemwa wazi kwa heshima ya sinema hiyo: humo Umbopa anapigana na Twala mwenyewe, na kumshinda mwenyewe. Katika kitabu ni Sir Henry anayemkata Twala kichwa kwa shoka, na Ignosi anapewa kiti kilichosafishwa na mkono wa mgeni. Hapo sinema imemtendea mfalme haki kuliko kitabu.

Lakini sinema hiyohiyo iliyompa silaha ilimnyima maneno. Anayetafutwa safari hii ni mume wa bibi wa Kiingereza, na mume huyo anakutwa amekwisha kufa. Kwa kuwa ndugu ameondolewa, kioo kimoja kimevunjika. Vita vya Twala na Umbopa vinabaki ajali iliyowapata wasafiri njiani, havina uhusiano tena na dhamiri ya mtu yeyote katika msafara. Na maadamu havina uhusiano, mfalme hana la kuwaambia wageni wakati wa kuondoka. Anaonekana amesimama, mrefu, mwenye taji la nywele na mavazi ya heshima, nao wanakwenda zao. Sheria haipo, kwa sababu sababu yake haipo.

Ya mwaka wa 1985, iliyoongozwa na J. Lee Thompson na kupigwa Zimbabwe, haihitaji maneno mengi. Hadithi imesogezwa hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, adui ni askari wa Kijerumani, na anayetafutwa ni baba wa msichana tena. Quatermain na msichana wanatiwa katika chungu kikubwa ili wapikwe na wala watu. Kitabu cha 1885, pamoja na kasoro zake zote, hakikuwafanya Wakukuana kuwa wala watu. Kiliwapa majeshi yenye nidhamu, sheria, kumbukumbu za nasaba, na mashujaa waliokufa wamesimama. Kwamba miaka 100 baadaye picha ilirudi nyuma ya kitabu ni jambo la kusikitisha, na linaonyesha kuwa wakati peke yake haumfundishi mtu adabu.

Kuna mtu mwingine aliyepotea. Katika kitabu yumo Foulata, msichana wa Kikukuana aliyeokolewa asiuawe katika ngoma, akamwuguza Kapteni Good, akafa pangoni kwa kisu cha Gagool akijaribu kuwaokoa wenzake. Quatermain, msimulizi, anaonea fahari kwamba hakuna mwanamke wa maana katika habari yake, kisha anajikanusha mwenyewe kwa kumsimulia Foulata kwa huzuni. Sinema zote tatu zimemweka mwanamke wa Kizungu katikati ya safari, na nafasi ya Foulata haikubaki. Hoja ya watengenezaji yaeleweka, maana mtazamaji alitaka mapenzi na mtazamaji ndiye aliyelipa. Lakini kitabu kilikuwa na mapenzi tayari, na kilikuwa na mwanamke jasiri tayari. Ila alikuwa Mwafrika.

Watetezi wa sinema watajibu kwamba picha ni sanaa nyingine, yenye kusema kwa macho, na kwamba haifai kuidai hotuba. Jibu hilo lina ukweli, na Kilimanjaro yenyewe inalithibitisha. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo mwaka wa 1848 na kuandika habari zake, lakini mabwana wa jiografia huko London hawakusadiki. Kama angekuwa na picha, ubishi ungekwisha siku moja. Picha ina nguvu ya ushahidi ambayo neno halina, na milima miwili ya theluji ya Haggard, ambayo mtoto wa Ulaya ilimbidi aifikirie tu, katika sinema inasimama mbele ya macho.

Hata hivyo mtoto wa Kiboriloni hakuhitaji sinema ili aione milima miwili. Mawingu yakiondoka asubuhi anawaona Kibo na Mawenzi. Na bado, kwa kuwaona tu, hajui kwa nini Mawenzi ana kichwa kilichochongoka vibaya. Hilo aliambiwa na bibi yake: kwamba Mawenzi alikuwa akienda kila mara kuomba moto kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka, akampiga kwa mchi. Jicho huuona mlima, lakini kisa chake huja kwa sikio. Haggard naye alijua hivyo, ndiyo maana alimpa kazi ya kusimulia mwindaji mzee mwoga wa kalamu, anayesema kama mtu aketiye kando ya moto. Kwa hiyo kudai kwamba sinema ihifadhi neno la Ignosi si kuidai iwe kitabu. Sinema hizi zina maneno mengi. Wazungu wanazungumza mwanzo hadi mwisho, wanataniana, wanagombana, wanapendana. Sanaa ya picha haikumnyamazisha mtu isipokuwa yule aliyechaguliwa anyamazishwe.

Jambo hili lina upande wa lugha ambao haufai kupitwa. Quatermain anaeleza kuwa lugha ya Wakukuana ni Kizulu cha kale, na uhusiano wake na Kizulu cha siku zake ni kama Kiingereza cha Chaucer kwa Kiingereza cha karne ya kumi na tisa. Ili kuonyesha ukale huo, Haggard anawafanya Waafrika waseme Kiingereza cha Biblia, kizito na chenye heshima. Katika sinema ya mwaka wa 1950 maneno mengi ya Kiafrika yanamfikia mtazamaji kwa kinywa cha Quatermain, au hayamfikii kabisa, na lugha imekuwa sauti ya mazingira kama mlio wa ndege. Katika tafsiri ya Johnson hali ni tofauti na zote mbili. Mwingereza na Mkukuana wote wanasema Kiswahili, na hakuna aliye mgeni katika lugha. Curtis akitaja ndugu na Ignosi akitaja ndugu, neno ni lilelile. Hapana shaka usawa huo si kusudi la kisiasa la mfasiri, ambaye alikuwa mtu wa serikali ya wakati wake. Ni zawadi ya lugha yenyewe, na wasomaji waliipokea.

Si kwamba kitabu hakina dhambi. Tembo wanauawa kwa wingi, wageni watatu wanajifanya watu waliotoka katika nyota, na almasi zinaondoka mfukoni mwa Quatermain. Mwalimu akikifundisha na kuyaficha hayo atakuwa amekosa. Lakini kuna tofauti kati ya mtunzi anayeona kwa jicho la wakati wake na bado akamwachia mtu mwingine nafasi ya kumhukumu, na mtunzi asiyeacha nafasi. Mwaka wa 1951, mwaka mmoja baada ya sinema ya pili, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari ya nchi nyingine ya kufikirika, na ndani yake Karama hana silaha wala jeshi. Ana ulimi tu mbele ya baraza, na kwa ulimi huo anaokoa roho yake na kuishitaki serikali. Wasomaji waliokuwa wamekua na Mashimo walipokea kitabu ambacho ndani yake neno ndilo tendo. Wenye sinema, katika miaka hiyohiyo, walikuwa wakitoa nje neno la namna hiyo.

Yafuatayo, basi, yafaa kufikiriwa na wanaohusika. Kwanza, tafsiri ya mwaka wa 1929 ichapishwe upya, ilinganishwe sura kwa sura na Kiingereza chake, na kila palipofupishwa paonyeshwe, ili mwanafunzi ajue mkono wa mfasiri ulipita wapi. Pili, mwalimu anayeonyesha sinema yoyote kati ya hizi awasomee wanafunzi kwanza sura ya Ignosi ya kuagana, kisha awaulize, picha ikiisha, maneno yale yamekwenda wapi. Tatu, ikiwa siku moja hadithi hii itafanywa sinema kwa Kiswahili, watengenezaji wasianze kwa kutafuta mapango na almasi. Waanze na ndugu wawili waliogombana kwa urithi, habari ambayo kila kijiji cha mlimani kinaijua na kila baraza la ardhi linaisikiliza. Na mwishoni, kabla ya wageni kupanda mlima kurudi kwao, wamwache mfalme aseme yote aliyonayo, na kamera imngoje amalize.